Rangi ya Waridi Chini ya Bekoni

Shemeji alikuwa ameshainua kipande cha soseji iliyofungwa bekoni kukipeleka mdomoni, akakigeuza upande uliokatwa, mkono ukabaki hewani. Chini kabisa ya bekoni, kuizunguka nyama yote, palikuwa na utepe wa rangi ya waridi, milimita tatu nne hivi. Katikati nyama ilikuwa ya kijivu, ile rangi ya soseji yoyote iliyopikwa ikaiva.

"Shemeji, hii bado mbichi."

Nikamwambia imeiva. Nikachukua kipimajoto, nikakichoma mbele yake kwenye soseji iliyokuwa bado juu ya wavu, namba ikapanda mpaka ikasimama kwenye nyuzi 72. Akaitazama namba, akanitazama mimi, akasema sawa. Kisha akakisogeza kipande pembeni mwa sahani na kuendelea na vyakula vingine.

Simlaumu hata kidogo. Nyama ya nguruwe yenye wekundu hailiwi. Hilo tumefundishwa tukiwa wadogo, na waliotufundisha walikuwa na sababu nzuri.

Kilichonisumbua kwa wiki kadhaa baadaye ni swali ambalo yeye hakuliuliza.

Kwa nini niiamini namba kuliko macho yangu?

## Jiko linalokunyima kuchungulia

Anayechoma nyama kwenye jiko la wazi ana faida moja kubwa: kila kitu kiko mbele yake. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikaruka, anaona. Nyama ikianza kuungua, anaigeuza. Jiko la mkaa la duara lenye mfuniko linakunyima faida hiyo kwa makusudi. George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alilibuni mwaka 1952 kutokana na nusu tufe za chuma zilizokuwa zikitengenezewa maboya ya majini. Alikuwa amechoshwa na majiko ya wazi, ambako upepo na moto hufanya vinavyotaka. Suluhisho lake lilikuwa kuufungia moto ndani na kuuachia hewa kwa kipimo, tundu chini na tundu juu.

Gharama yake ni kwamba unapika usichokiona.

Na huwezi kuwa unafunua kila mara. Ukifunua, joto linatoka lote, na oksijeni inaingia kwa wingi na kuuchochea mkaa. Ukifunika tena, moto uliokuwa umetulia unakuwa umeamka, na utatumia muda mrefu kuurudisha ulipokuwa. Kwa soseji zilizofungwa bekoni hilo ni jambo zito, kwa sababu bekoni ina mafuta mengi na moto ulioamka unayatafuta.

Kwa hiyo unabaki na dalili tu: moshi unaotoka tundu la juu, mshale wa kipimajoto cha mfunikoni, namba ya kipimajoto kilichochomwa ndani ya nyama, na mwisho kabisa, rangi unapokata. Nilianza kujiuliza ni ipi kati ya hizo inayosema kweli, na kuhusu nini. Kila moja ilinipa jibu tofauti, na kulikuwa na nyingine niliyokuwa naidharau bila haki, hata sikuiweka kwenye orodha.

## Utepe ule unatoka wapi

Nyama ina protini iitwayo mayoglobini, na ndiyo inayoipa wekundu. Ikipata joto, umbo lake linavunjika na wekundu unageuka kijivu au kahawia. Hayo ndiyo mabadiliko ambayo macho yetu yamezoea kuyaita kuiva.

Lakini mayoglobini ikishikana na gesi fulani kabla joto halijaivunja, rangi inabaki. Moto wa mkaa na kuni hutoa gesi mbili za aina hiyo: oksidi ya nitrojeni na kaboni monoksidi. Zinatua kwenye unyevu ulio juu ya nyama, zinapenya milimita chache, zinaikamata mayoglobini, na tangu hapo unaweza kuipika nyama hiyo mpaka ikauke lakini pale pembeni patabaki pana rangi ya waridi. Kaboni monoksidi ndiyo ile ile inayoua mtu akilala na jiko la mkaa chumbani, kwa kushikana na himoglobini ya damu yake kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu jiko hili halikai ndani ya nyumba wala gereji, hata mvua inyeshe vipi.

Bekoni inaongeza lake. Nyingi huhifadhiwa kwa chumvi yenye nitriti, na nitriti ndiyo inayoifanya bekoni ibaki na wekundu hata ikikaangwa. Ukiizungushia nyama mbichi na kuiacha ilale hivyo kwenye friji kabla ya kuibanika, nitriti kidogo hupenya kwenye nyama iliyo chini yake. Utepe aliouona shemeji basi ulikuwa na vyanzo viwili, moshi na bekoni, na hakuna hata kimoja kinachohusiana na ubichi.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Nilitaka nimpigie simu nimweleze.

Halafu nikakutana na upande wa pili wa jambo lenyewe, na huo ndio ulionizuia.

Rangi hudanganya pia kinyume chake. Wizara ya Kilimo ya Marekani imekuwa ikiwaonya wapishi kwa miaka mingi kwamba nyama ya ng'ombe ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika kwenye joto la usalama, na makadirio wanayotoa ni kama baga 1 kati ya 4. Maana yake ni kwamba mtu anayekataa kipande chenye wekundu na kukubali kile cha kahawia anaweza kuwa amekataa kilichoiva na kula kibichi.

Hilo lilinitisha kuliko utepe wa waridi. Nilifikiria soseji zote nilizowahi kuzikubali kwa kuzitazama tu, kwenye meza za watu na kwenye meza yangu, na nikajua kwamba siwezi kamwe kurudi huko.

## 71

Namba yenyewe ya joto la usalama ni nyuzi 71 za Selsiasi kwa soseji ya nguruwe au ya ng'ombe, na 74 kwa soseji ya kuku au bata mzinga. Kwa wasiokula nguruwe kila kitu ninachoeleza hapa kinafanya kazi kwa bekoni ya ng'ombe, ila haina mafuta mengi na hukauka upesi zaidi.

Mtu anaweza kuuliza, kama mimi nilivyouliza, mbona kipande kizima cha nguruwe kinaruhusiwa kuishia nyuzi 63 na kupumzishwa dakika 3? Huo ndio mwongozo wa Marekani tangu 2011. Jibu liko kwenye kusaga. Kwenye kipande kizima, bakteria wengi wako juu, na juu ndiko joto linakoanzia. Ukisaga, kilichokuwa juu kinachanganywa mpaka katikati. Katikati ya soseji ndiko mahali pa mwisho kupata joto, na kwa moto wa polepole panachelewa hasa.

Kwa hiyo kipimajoto kichomwe kutokea nchani, kifuate urefu wa soseji mpaka ncha yake ifike katikati. Ukikichoma ubavuni, kwenye kitu chembamba hivi, ni rahisi kupitiliza katikati na kusoma joto la upande wa pili. Pia unafungua tundu ambalo mafuta na maji vitatokea mpaka mwisho.

Lakini namba ya kipimajoto kibovu ni uvumi tu. Hapo ndipo imani yangu ilipohitaji kuegemea kitu. Nilijaza glasi barafu iliyopondwa, nikaongeza maji kidogo, nikakoroga, nikasubiri, nikatumbukiza. Kinapaswa kusoma 0. Kwenye maji yanayochemka kinapaswa kusoma 100, ila kwenye usawa wa bahari tu. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Barafu haijali uko wapi, ndiyo maana naipendelea. Changu kilisoma sifuri. Nilifurahi zaidi ya nilivyotarajia kufurahi kwa ajili ya glasi ya barafu.

## Mshale wa mfunikoni

Hapa nitapita haraka. Kipimajoto kilichojengwa kwenye mfuniko kinapima joto la hewa pale kilipo, juu, mara nyingi karibu na upande wa moto. Nyama iko chini, upande wa pili. Tofauti inaweza kuwa kubwa. Kinafaa kukuambia kama joto linapanda au linashuka. Kwa joto halisi la hewa inayoizunguka nyama, weka kipimajoto kingine kwenye wavu, kando ya soseji.

## Moshi, na haki ya jicho

Baada ya haya yote ningeweza kuandika kwamba macho hayafai kitu. Siamini hivyo, na moshi ndio ulionirudisha.

Ukitaka kujua kama moto wako ni mzuri, hakuna kifaa kinachoshinda kusimama hatua chache kutoka jikoni na kutazama kinachotoka tundu la juu. Moshi mzito mweupe unaobingirika ni wa kuni zinazofuka bila kuwaka: hewa haitoshi, au ukuni una maji, au mkaa haujashika vizuri. Umejaa mvuke na vitu ambavyo havijaungua, na vikitua kwenye bekoni vinaacha uchungu unaobaki ulimini mpaka kesho. Moshi mzuri ni mwembamba, wenye samawati kwa mbali, na wakati mwingine unauona tu ukiwa na kitu cheusi nyuma yake.

Ladha tunayoitafuta inatoka hasa kwenye lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu. Ikivunjwa na joto hutoa gwayakoli, inayobeba ladha ya moshi, na siringoli, inayobeba harufu yake. Miti migumu, kama mwaloni, hikori, mtofaa na mcheri, hutoa zote mbili. Misonobari ina utomvu, na utomvu una moshi mchungu wenye masizi; usiutumie hata kidogo.

Wapo wanaoloweka vipande vya kuni kwanza. Sioni sababu. Maji hayapenyi sana, na kinachofuata ni mvuke mweupe mpaka yakauke, ndipo moshi wa kweli uanze. Vipande viwili vitatu vikavu vya ukubwa wa ngumi vinatosha kwa soseji, kwa kuwa hazikai jikoni muda mrefu. Soseji ikitoka kwenye friji ikiwa baridi na yenye unyevunyevu, moshi unaishika vizuri zaidi. Kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo zenye thamani, na moto unapaswa kuwa umeshatulia kabla hujaweka nyama. Usiweke nyama ukisubiri moshi usafike.

Mkaa wenyewe naupanga ukutani mwa jiko, kufuata duara: briketi mbili mbili chini, mbili mbili juu yake, nusu ya mzunguko. Nawasha ncha moja tu. Moto unatembea taratibu kutoka briketi hadi briketi kwa saa kadhaa, na matundu ya chini yakiwa wazi kidogo tu, joto hukaa kati ya nyuzi 110 na 125. Tundu la juu naliacha wazi, na naugeuza mfuniko liwe juu ya nyama, ili moshi ulazimike kupita hapo kabla ya kutoka. Anayejaribu kupunguza moto kwa kuziba tundu la juu anaufungia moshi mchafu ndani pamoja na chakula chake. Moto unapunguzwa kwa chini.

## Bekoni inataka moto wake

Huu ndio ugomvi halisi wa chakula hiki, na ningeweza kuuandikia makala peke yake.

Soseji inapenda upole. Kwa joto dogo, nyama inaiva sawasawa, mafuta yanabaki yamesambaa ndani, ngozi haipasuki. Ikisukumwa mpaka karibu nyuzi 80 na zaidi, mafuta yanayeyuka na kutengana, na unapokata yanamwagika ubaoni huku nyama ikibaki kavu na ya kumung'unyika.

Bekoni inataka kinyume. Ili ikauke na kuvunjika mdomoni lazima maji yake yatoke, mafuta yayeyuke, kisha sehemu yake ya nyama ipate joto la kuibadilisha rangi, na hatua hiyo haiendi kwa kasi ya maana mpaka uso wake ufike karibu nyuzi 140. Kwenye hewa ya nyuzi 115 haifiki huko. Itachukua rangi nzuri kutokana na moshi, itang'aa, itapigwa picha, na ukiuma itavutika na jino halitaikata.

Na hapo tena rangi imekudanganya: bekoni ya kahawia kwa moshi na bekoni ya kahawia kwa joto zinafanana kabisa machoni.

Nilizunguka na ugomvi huu kwa muda. Wapo wanaokaanga bekoni nusu kwanza kisha ndiyo waifunge, lakini ikishapata joto inakuwa imejikunja na haishiki tena vizuri. Wapo wanaobanika kwa nyuzi 180 tangu mwanzo. Bekoni inatoka safi, lakini soseji inaiva upesi mno, na moshi haupati nafasi. Kilichonifungua macho ni kukubali kwamba sihitaji moto mmoja. Jiko hili la duara lina nafasi ya mioto miwili kwa wakati mmoja, upande wenye mkaa na upande usio nao, na mfuniko unaamua ni upi unaotawala.

Kwa hiyo kwanza polepole, upande wa baridi, chini ya mfuniko, mpaka katikati ya soseji ifike kama nyuzi 60. Wakati huo mafuta mengi ya bekoni yameshayeyuka na kudondokea kwenye sinia la maji lililo chini ya wavu. Kisha nafungua matundu yote ya chini, naongeza mkaa uliokwisha kushika, nasubiri joto lipande kufika 190 au 200. Ndipo nasogeza soseji mpakani mwa moto, pembeni mwa makaa, si juu yake, nikizigeuza kwa koleo kila baada ya dakika moja mbili. Bekoni inaanza kulia. Mapovu madogo yanatokea pembezoni, yanakuwa makubwa, kisha yanapungua; yakipungua ujue maji yameisha. Sauti inabadilika kutoka mchemko wa mvua kwenda mchakarisho mkavu. Hapo katikati ya soseji huwa imeshavuka 71.

Ile sauti ndiyo niliyokuwa naidharau. Sikuwahi kuihesabu kama dalili, na sasa naitegemea kuliko macho kwa upande wa bekoni.

Mengine ni mikono tu. Bekoni nyembamba inashinda nene, kwa kuwa nene inataka muda ambao soseji haina. Izungushe kwa mshazari, kila mzunguko ukilalia kidogo ule uliotangulia, kwa sababu itasinyaa na kuacha mapengo. Ncha zake ziishie chini, zibanwe na vijiti vya meno vilivyolowekwa. Vihesabu unapoviweka na uvihesabu unapovitoa. Kwa wale wanaopenda gogo kubwa la nyama ya soseji badala ya soseji moja moja, bekoni husukwa kama mkeka na gogo likaviringishwa ndani yake. Mwezi Desemba 2008 Jason Day na Aaron Chronister wa Kansas City waliweka kwenye intaneti gogo la namna hiyo waliloliita Bacon Explosion, likaenea duniani. Kanuni haibadiliki, ila katikati ni mbali zaidi, kwa hiyo kipimajoto kinakuwa cha lazima zaidi.

## Lingine ambalo siwezi kuliruka

Oktoba 2015 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliiweka nyama iliyosindikwa, bekoni na soseji zikiwemo, kwenye Kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kundi linaeleza uthabiti wa ushahidi. Ukubwa wa hatari ni suala jingine. Kiwango walichotaja ni ongezeko la 18% la hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku.

Neno lililonisimamisha ni kila siku. Kwangu hiki ni chakula cha siku ya watu kukutana, na baada ya kusoma nimekiacha hapo hapo kwa kukusudia. Pia nimekuwa mkali kuhusu mafuta kudondokea makaa, kwa sababu yanapoungua hutoa kampaundi zinazopanda na moshi na kutua kwenye nyama, na baadhi yake, kama benzopireni, zinajulikana kwa madhara. Sinia la maji chini ya soseji halipo kwa ajili ya usafi wa jiko peke yake.

## Jaribio linalofuata

Bado sijui ni kiasi gani cha utepe ule kilitokana na moshi na kiasi gani kilitokana na bekoni. Nimelipanga hivi: nyama ya kusaga iliyotiwa chumvi ya kawaida na viungo, bila nitriti, iviringishwe gogo moja. Nusu yake nitaifunga bekoni, nusu nitaiacha wazi. Moto mmoja, moshi mmoja, kipimajoto katikati ya kila nusu.

Nategemea kuuona wekundu pande zote mbili. Kama nusu iliyo wazi itakuwa na utepe mpana zaidi, moshi ndio uliofanya kazi kubwa na bekoni iliuzuia kwa kiasi fulani. Kama utakuwa mpana chini ya bekoni, nitriti ndiyo iliyotangulia. Shemeji ameshasema atakuja kuangalia. Kula, amesema tutazungumza.